"Ubora" na "Kasi" katika Usimbaji wa Video

"Ubora" na "kasi" ni maneno fasaha ya Kiswahili. Hata hivyo, katika maelekezo ya kisimbaji cha video, yaani programu inayobana video ili ichukue nafasi ndogo, maneno hayo yaweza kumpotosha msomaji.

Tuchukue mfano wa x264, kisimbaji kinachofuata kanuni ya H.264 ya mwaka 2003. Namba yake ya kudhibiti ubora huanzia 0 hadi 51 kwa video ya biti 8. Isipobadilishwa huwa 23. Mfasiri akiiita "kiwango cha ubora", msomaji ataamini kuwa 51 ndiyo bora kupita zote. Kumbe sivyo: namba ikipanda, picha huzidi kuharibika, 0 haipotezi chochote. Mtunza kumbukumbu akilifuata neno hilo, kisha akafuta rekodi ya asili, hataweza kurejesha kilichopotea. Twapendekeza "kipimo cha upotevu", kwani hapo neno na namba hupanda pamoja.

"Kasi" nayo si mwendo wa picha kiooni, bali ni wepesi wa kazi ya kusimba. Kisimbaji kikipewa muda zaidi hutafuta njia bora za kubana, na kwa kawaida hutoa faili dogo zaidi kwa ubora uleule. Basi tuseme "kasi ya usimbaji", bila kufupisha.

Istilahi haipimwi kwa ufasaha peke yake. Mfasiri na aelewe kwanza kitu kinavyofanya kazi, ndipo akipe jina.