Viazi vya Nani? Juu ya Kitabu cha Eric Schlosser

Leo twapenda kusema maneno machache juu ya kitabu cha Eric Schlosser, mwandishi wa magazeti wa Marekani, kiitwacho Fast Food Nation. Kilitoka mwaka 2001, nacho chaeleza habari za makampuni makubwa yauzayo chakula cha upesi: mkate wenye nyama, kuku wa kukaanga, chipsi. Kitabu si kipya, lakini makampuni hayo yazidi kuvuka bahari, na kwa hiyo chafaa kusomwa hata sasa.

Uzuri wake ni huu: mwandishi hakukaa chumbani akatunga lawama. Alikwenda mwenyewe. Alifika Greeley, katika jimbo la Colorado, akasikia habari za wafanyakazi wa machinjio, wengi wao wageni kutoka Mexico na Amerika ya Kati, jinsi wanavyoumia kwa visu kwa sababu mashine haiwangoji. Alifika Idaho, kwenye mashamba ya viazi, akaeleza habari za J. R. Simplot, aliyetajirika kwa kuuza chipsi zilizogandishwa kwa baridi. Hapo pana hesabu moja iliyotusimamisha: mteja akilipa dola 1 na senti 50 kwa chipsi, mkulima aliyelima viazi hupata labda senti 2. Msomaji mwenye jembe atairudia hesabu hiyo mara mbili.

Jambo la ladha nalo lina mafundisho. Mwaka 1990 McDonald's huko Marekani iliacha kukaanga chipsi katika mafuta ya ng'ombe, ikatangaza kwamba sasa yatumika mafuta ya mimea. Wahindu na watu wengine wasiokula nyama wakala bila wasiwasi. Mwaka 2001 ikajulikana wazi kwamba chipsi hizo zilitiwa kiungo cha ladha kilichotoka kwa ng'ombe. Wakaishtaki kampuni, nayo mwaka 2002 ikaomba radhi na kukubali kutoa dola milioni 10. Hata India, ilikoingia mwaka 1996 bila kuuza nyama ya ng'ombe, watu walikasirika, ingawa kampuni ilisema chipsi za huko hazina kitu hicho. Watu hao waliambiwa nusu ya habari, na nusu iliyofichwa ndiyo waliyoihitaji.

Lakini kitabu kina upungufu. Sura isemayo juu ya nchi za nje ni nyembamba kwa jambo kubwa namna hii. Yatupeleka Plauen, mji wa Ujerumani ya Mashariki ya zamani, ambako McDonald's ilifungua mlango mwaka 1990. Yote yasimuliwa vizuri, ila mwenyeji aonekana zaidi kama mtu wa kula. Habari za mwenyeji aliye na kitu cha kuuza ni chache mno.

Tazameni mambo ya Kenya. KFC ilifika Nairobi mwaka 2011. Mwanzoni mwa Januari 2022 ikatangaza kwamba chipsi zimekwisha, kwa kuwa meli zenye viazi zilichelewa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wakenya wakashangaa, kisha wakakasirika. Nchi yao yalima viazi vingi Nyandarua, Meru na kwingineko. Baada ya mahindi, kiazi ndicho chakula chao cha pili! Kampuni ikajibu kwamba kila auzaye lazima kwanza apimwe na kukubaliwa kwa kanuni zake za usalama wa chakula.

Jibu hilo si la kudharauliwa, maana chakula kibaya huua. Lakini ilikuwa imekaa huko miaka 10. Katika miaka 10 mtoto huingia shule na kumaliza madarasa yake ya kwanza. Je, mkulima hakuweza kufundishwa kanuni hizo?

Wengine walidhani yote yatanyoka viazi vikinunuliwa nchini. Hapo Schlosser atusaidia tena: mkulima wa Idaho yu jirani wa kiwanda, tena ni mwananchi, na bado hupata senti zake 2. Wala wabaya si wageni peke yao. Huko Kenya madalali wamezoea kushindilia gunia mpaka livimbe kama pembe juu, waliitalo lumbesa, na sheria yaruhusu kilo 50 tu. Basi kampuni na iulizwe zaidi ya mahali viazi vilikotoka. Bei iliandikwa lini, kabla ya kupanda ama baada ya kuvuna? Mvua ikiharibu, hasara ni ya nani? Viazi vilivyokataliwa vyaenda wapi?

Filamu ya Richard Linklater ya mwaka 2006, iliyotoka katika kitabu hiki, yawafuata zaidi wahamiaji wa Mexico katika machinjio. Anayetaka habari za viazi ashike kitabu chenyewe, aanze na sura ya 5.