Mhariri wa Filamu na Kazi ya Kuunga: Stewart McAllister

Neno mhariri tumelizoea katika magazeti na vitabu. Likihamishiwa kwenye sinema, wengi hudhani kuwa kazi yake ni kukata tu, yaani kuondoa kilichozidi. Dhana hiyo ni pungufu, kwani baada ya mkasi kuna kuunga, nako ndiko kugumu. Stewart McAllister, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1914 na kusomea sanaa Glasgow, ni shahidi mwema wa jambo hili.

Kazi yake mashuhuri ni Listen to Britain ya mwaka 1942, filamu ya dakika zipatazo 20 iliyotengenezwa na Crown Film Unit, idara ya sinema ya serikali ya Uingereza wakati wa vita. Ndani yake hamna msimulizi. McAllister ametajwa humo pamoja na Humphrey Jennings, wote wawili kwa uongozaji na uhariri. Heshima hiyo ilikuwa nadra kwa mhariri, nami naiona kuwa ni haki yake.

Na tutazame kipande kimoja. Mwanamke yu nyumbani. Nje watoto wacheza ngoma ya duara katika ua wa shule. Twaonyeshwa picha ya mwanamume aliyevaa sare ya askari. Kisha twasikia mngurumo, na magari ya vita yapita katika njia ya kijiji. Hakuna aliyetuambia kwamba mume yuko vitani, wala kwamba watoto hao ndio wanaolindwa. Lugha ina kwa sababu, ingawa na lakini, picha hazina. Mhariri anacho kitu mfano wa -ka- yetu tu: akatazama, ikanguruma, yakapita. Kwa kiungo hicho kimoja McAllister ametunga sentensi yenye sababu na hofu ndani yake.

Lakini kiungo chaweza pia kuhadaa. Wafanyakazi wa kiwanda wawasikiliza Flanagan na Allen wakiimba wakati wa chakula. Mara wimbo wayeyukia katika muziki wa Mozart, na tumo katika National Gallery, Myra Hess akipiga piano na Malkia akiwa miongoni mwa wasikilizaji. Maungio hayo ni laini mno, hata mtazamaji hapati nafasi ya kuuliza kama watu wa kantini na watu wa ukumbi ule walikuwa kweli na maisha ya namna moja. Nausifu ufundi huo, ila siukubali moja kwa moja.

Ilihofiwa kwamba watazamaji wasingeielewa filamu isiyo na maelezo, ikabandikwa utangulizi uliosemwa na Leonard Brockington, Mkanada. Utangulizi huo wachosha, kwa kuwa watangaza kwa kelele yale yale yaliyoachiwa picha.

Jennings alifariki mwaka 1950 na sifa zake zikaendelea kukua. McAllister alifanya kazi baadaye katika British Transport Films, akafariki mwaka 1962. Kitabu juu yake kilitoka mwaka 1983. Mwandishi wake, Dai Vaughan, alikuwa naye mhariri wa filamu.