Ritifaa na Msikilizaji Asiyekuwepo: Kutoka "Jambula Tree" hadi Rafiki

Utangulizi

Ritifaa ni mojawapo ya mbinu ambazo watahiniwa wetu huzitambua upesi na kuzieleza vibaya. Mtahiniwa huandika kwamba mhusika anazungumza na mtu ambaye hayupo kana kwamba yupo, akatoa mfano, akapata alama zake mbili. Swali linapomtaka aeleze umuhimu wa mbinu hiyo, huandika kwamba ritifaa "huipamba kazi" au "humfanya msomaji asichoke". Hapo huambulia patupu, na haki yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ritifaa si pambo. Mtu huzungumza na asiyekuwepo kwa sababu maalum, na mhakiki ana wajibu wa kuuliza: ni nani aliyemwondoa msikilizaji? Swali hili nitalijibu kwa kazi tatu za Afrika Mashariki zinazohusu mapenzi ya jinsia moja: hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, insha ya Binyavanga Wainaina iitwayo "I Am a Homosexual, Mum", na filamu ya Rafiki iliyoongozwa na Wanuri Kahiu.

Huenda mwalimu mwenzangu akasema kwamba kazi hizi si teule, na kwamba mbili za kwanza ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Hata hivyo, istilahi ya ritifaa ni yetu, na mtu aliyeielewa katika mbolezi za kwao, pale waombolezaji wanapomuuliza marehemu kwa nini amewaacha, ataitambua popote. Mwingine atasema kwamba mada yenyewe haifai. Huyu namwomba asome hadi mwisho, kisha aamue.

Usuli wa kihistoria

Kazi ya fasihi haizuki katika ombwe. Sheria za jinai zilizoharamisha mapenzi ya jinsia moja nchini Kenya na Uganda ziliingia na utawala wa Uingereza. Waingereza wenyewe walianza kuzilegeza kwao, England na Wales, mwaka 1967. Kenya na Uganda, ambazo wakati huo zilikuwa zimeshapata uhuru, zilibaki nazo. Nchini Kenya, kifungu cha 162 cha sheria ya jinai kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 gerezani. Nchini Uganda adhabu iliweza kufikia kifungo cha maisha.

Vuguvugu la kudai haki lilianza kuwa na sura ya hadharani katika miaka ya 2000. Shirika la Sexual Minorities Uganda liliundwa mwaka 2004, na muungano wa GALCK wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2005 viongozi wa mtaa waliivamia nyumba ya Victor Mukasa nchini Uganda, mwanaharakati aliyejitambulisha kuwa mtu aliyebadili jinsia. Mukasa na mwenzake walikwenda kortini, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Uganda iliamua kwamba haki yao ya faragha na ya utu ilikiukwa.

Si wote waliosalimika. Mwaka 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliowaita mashoga. David Kato, ambaye alikuwa mwalimu kwa taaluma, alikuwa miongoni mwa walioenda kortini kulipinga. Mapema Januari 2011 korti iliwapa haki. Kabla mwezi huo haujaisha, Kato aliuawa nyumbani kwake.

"Jambula Tree": barua kwa aliyehamishwa

Hadithi hii ilitoka mwaka 2006 katika diwani ya hadithi za mapenzi za Kiafrika iliyohaririwa na Ama Ata Aidoo. Mwaka 2007 ilimpa mwandishi Tuzo ya Caine, akawa Mganda wa kwanza kuipata. Mandhari yake ni mtaa wa Nakawa jijini Kampala. Anyango anamwandikia Sanyu, rafiki yake wa utotoni, ambaye amesikia kwamba anarejea kutoka London. Miaka mingi nyuma wasichana hawa wawili walifumaniwa wakiwa pamoja chini ya mti. Sanyu akapelekwa ng'ambo, Anyango akabaki na macho ya mtaa.

Jambula ndiyo zambarau yetu. Yeyote aliyewahi kula zambarau anajua kwamba mtoto hawezi kumficha mamake: ulimi hubadilika rangi na nguo hubaki na doa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo nguvu ya jazanda ya mti huu ilipo. Utamu na ushahidi vinatoka katika tunda moja.

Tukija kwenye ritifaa, tazama nafsi. Nafsineni ni "mimi" na nafsinenewa ni "wewe", tangu mwanzo hadi mwisho. Sanyu hajibu hata mara moja. Je, ni nani aliyemwondoa? Si kifo, kama ilivyo katika mbolezi. Ameondolewa na aibu ya wazazi pamoja na ulimi wa Mama Atim, jirani ambaye habari zote za mtaa hupitia kwake. Mhusika huyu ni wa kutazamwa sana. Mama Atim ana wasikilizaji wakati wowote anaotaka, naye Anyango hana hata mmoja. Kinaya kilichopo ni kwamba anayesema ya wengine anasikika, na anayesema ya moyo wake hana budi kuandika barua. Mtahiniwa akiliona hili, ameeleza umuhimu wa ritifaa bila kutaja neno "pambo".

Wainaina: kumnong'oneza marehemu

Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971, akashinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, na mwaka uliofuata akawa mwanzilishi wa jarida la Kwani? Insha yake ilichapishwa Januari 2014, alipokuwa akitimiza miaka 43. Mwezi huohuo rais wa Nigeria alikuwa ametia sahihi sheria kali dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, na mwezi mmoja kabla yake bunge la Uganda lilikuwa limepitisha mswada wake. Mwandishi aliiwasilisha insha hiyo kama sura iliyokosekana katika tawasifu yake ya mwaka 2011.

Muundo wake unastahili kufundishwa. Mwandishi anatumia mbinu rejeshi kuturudisha mwaka 2000, mamake akiwa mahututi hospitalini. Anatusimulia tukio hilo mara mbili. Mara ya kwanza amefika kando ya kitanda, anamnong'oneza mamake siri yake. Baadaye anatusimulia jinsi mambo yalivyokuwa kweli. Siku hiyo alikuwa Afrika Kusini. Mama alifariki pasi na kumwona wala kumsikia. Baba naye alifariki mwaka 2011 bila kuambiwa.

Msomaji wa juujuu atasema kwamba mwandishi anajipinga. La hasha. Masimulizi ya kwanza ni ritifaa iliyovaa nguo za tukio, na ya pili ndiyo yanayotuonyesha kwamba ilikuwa ritifaa.  Katika mbolezi za kawaida kifo ndicho kilichomnyamazisha msikilizaji. Hapa ukimya ulitangulia kifo. Mama alikuwa hai miaka yote ile, na mwana hakuthubutu kumwambia.

Kuna mwenye kusema kwamba insha ya kumtaja mama aliyekufa kwa jambo kama hili ni utovu wa heshima. Hoja hii nimeisikia katika chumba cha walimu, na siidharau. Lakini tuutazame uteuzi wa msamiati. Mwandishi habishani na bunge lolote wala hamtukani mtu. Anamwita mamake. Toni yake ni ya mtoto anayeungama mbele ya mzazi, na katika mila zetu hakuna heshima kuu kuliko kumfanya mzazi kuwa hakimu wa kwanza wa maisha yako.

Rafiki: msikilizaji anarudi

Filamu ya Rafiki, ya mwaka 2018, imetokana na "Jambula Tree". Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Kahiu ameihamisha hadithi kutoka Kampala hadi Nairobi, na wasichana sasa ni Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana. Mama Atim amehama pia na jina lake. Sasa ana kibanda cha chakula.

Hebu tulitazame anwani kwa makini, maana hapa mwalimu wa Kiswahili yuko nyumbani. Wapenzi wengi wa jinsia moja huwatambulisha wenzao kwa neno "rafiki". Hii ni tasfida, ila tasfida ya kujikinga. Linganisha na neno "shoga". Katika Kiswahili cha pwani, mwanamke humwita shoga mwanamke mwenzake aliye rafiki yake wa dhati. Neno hilohilo likapata maana nyingine, likawa tusi midomoni mwa wengi. Neno moja la urafiki limegeuzwa jiwe, na lingine la urafiki limefanywa ngao.

Lililo muhimu zaidi ni mwisho. Katika hadithi ya Arac de Nyeko, Sanyu habadiliki kuwa sauti. Katika filamu, Ziki naye anapelekwa London, lakini mwishoni tunaisikia sauti yake na kuuona mkono ukitua begani mwa Kena. Nafsinenewa imejibu, na ritifaa imekoma.

Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku mnamo Aprili 2018. Mwongozaji alieleza kwamba aliombwa aubadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliiruhusu kuonyeshwa kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliikubalia bodi. Mhakiki asipite hapa haraka. Wasichana kupendana kulikuwamo filamu nzima, ilhali ombi lililenga ule mwisho. Pengine hadithi ya aina hii huvumilika maadamu msikilizaji hayupo. Akirejea na kujibu, hapo ndipo tatizo linapoanza.

Kortini

Korti nayo ni mahali ambapo msikilizaji yupo na hana budi kujibu. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya vuguvugu hili kuelekea huko. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisichotaja jinsia. Sisi tunaowaandaa watahiniwa tunajua uzito wa jina katika cheti. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa.

Majibu mengine yalikuwa hapana. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kifungu cha 162. Wainaina alikuwa amefariki tarehe 21 Mei, siku tatu tu kabla. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2014 ilibatilishwa na korti mwaka huohuo, lakini nyingine kali zaidi ikatungwa mwaka 2023.

Ritifaa darasani

Nina deni la kueleza kwa nini mbinu hii inanisumbua. Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha niliwapa kidato cha tatu insha ya barua ya kirafiki. Msichana mmoja alimwandikia mwenzake ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani muhula huo baada ya minong'ono ya bweni. Barua haikuwa na anwani wala tarehe. Ilikuwa na maswali matupu: unakula nini huko, nani anakusuka nywele, walikuambia nini juu yangu. Nilizungushia makosa ya tahajia kwa kalamu nyekundu, nikaandika "hujazingatia sura ya barua", nikampa alama 6 kwa 20. Sikusema naye neno. Alikaa kimya darasani hadi alipofanya mtihani wake wa mwisho.

Nilipoisoma "Jambula Tree" miaka kadhaa baadaye niliikumbuka barua ile. Haikuwa na anwani kwa sababu mwandishi hakujua pa kuipeleka. Msikilizaji wa pekee aliyebaki alikuwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mwanafunzi yule hakuhitaji nikubaliane naye kwa lolote. Alihitaji nijue kwamba nimeandikiwa.

Hitimisho

Nawaasa watahiniwa: mkikutana na ritifaa, msiishie kuitaja. Ulizeni msikilizaji ameondolewa na nani, kwa nini mzungumzaji hawezi kumfikia, na ni nani mwingine anayesikia badala yake. Pia, msichanganye uhakiki na hukumu. Mtahiniwa anayejaza kurasa kwa kulaani au kusifu wahusika hajajibu swali, hata awe na imani njema kiasi gani.

Walimu wenzangu nawaachia ombi moja. Tunaposahihisha, kabla ya kuandika "umepotoka", tusome mara ya pili.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha ritifaa katika mbolezi yoyote ya jamii yako na ritifaa katika insha ya Wainaina. Msikilizaji ameondolewa na nini katika kila moja?
2. "Mama Atim ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote." Jadili kauli hii kwa kurejelea "Jambula Tree".
3. Eleza jinsi maana za maneno "rafiki" na "shoga" zinavyobadilika kulingana na mazungumzo na wazungumzaji.