Kichwamaji: Maradhi, Ishara na Hukumu Tunayoitoa Darasani

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974, ikachapishwa Nairobi na East African Publishing House. Tangu hapo wahakiki wengi wameisoma kwa mkabala wa udhanaishi: maisha yana maana gani, Mungu yuko au hayuko, msomi anarudi kijijini kufanya nini. Ni mijadala ya haja na sina nia ya kuipuuza. Hata hivyo, kuna jambo moja tunalolipita haraka mno, nalo limo katika anwani yenyewe. Kabla ya kuwa ishara ya chochote, kichwamaji ni ugonjwa.

Msomaji atakumbuka mkondo wa ploti. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasimulia kisa chake mwenyewe. Manase, mtu waliyejuana tangu utotoni, anamharibia Kazimoto dadake Rukia, na Rukia anakufa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dadake Manase, lakini kisasi kinageuka mapenzi na mapenzi yanaishia katika ndoa. Manase ana mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Baadaye balaa hiyo hiyo inabisha hodi nyumbani kwa Kazimoto na Sabina, na chanzo chake kinahusishwa na maradhi ya zinaa ya baba. Kazimoto anajiua.

Miongozo tuliyosomea, na ile ambayo baadhi yetu tuliiandika kwa mkono na kuwagawia wanafunzi, hulieleza jambo hili kwa sentensi mbili. Kwanza, mtoto wa kichwa kikubwa ni ishara ya msomi wa Kiafrika aliyejazwa elimu isiyomfaa, kichwa kimefura lakini ndani ni maji. Pili, ugonjwa ni adhabu ya uasherati. Sentensi ya kwanza ina nguvu. Hata katika mazungumzo ya kawaida, kumwita mtu kichwamaji ni kumtukana kwamba hana akili timamu, na Kezilahabi ameichezea maana hiyo kwa ustadi. Ile ya pili ndiyo iliyonitia taabani.

Nilikuwa nimekipendekeza kitabu hiki kwa chama cha Kiswahili shuleni, kama kitabu cha ziada. Nikaandika ubaoni: "Kichwamaji – adhabu ya dhambi za wazazi." Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, na mamangu alitenda dhambi gani?" Ndugu yake mdogo alikuwa na ugonjwa huo na alikuwa amefanyiwa upasuaji. Sikuwa na jibu. Nilipangusa ubao, tukaendelea na tamathali za usemi.

Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla ya kushika chaki. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vinavyotengeneza na kupitisha maji maangavu. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, na maji hayo hufyonzwa na kurudi katika damu. Njia yake ikiziba, au yakikosa kufyonzwa, hujaa na kuusukuma ubongo. Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu haijaungana, ndiyo maana kichwa hupanuka. Kwa hiyo ukubwa wa kichwa ni dalili tu. Madhara yenyewe yako kwa ubongo unaobanwa, na hapo ndipo uwezo wa kuona, kutembea na kujifunza unapoweza kuathirika.

Chanzo je? Utafiti uliofanywa karibu kabisa na sisi, mjini Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, umetufundisha mengi. Mwaka 2005 daktari Benjamin Warf alichapisha matokeo kuhusu watoto 300 waliotibiwa huko. Takriban asilimia 60 walipata ugonjwa huu baada ya kuambukizwa vijidudu vilivyoshambulia ubongo, wengi wao wakiwa bado hawajatimiza mwezi mmoja. Mwaka 2020 watafiti wakaripoti kwamba katika maji ya ubongo ya baadhi ya watoto wa Uganda walikuwa wameigundua bakteria ya kundi la Paenibacillus. Hawa ni watoto waliozaliwa wazima, wakaambukizwa, kisha kichwa kikaanza kufura. Wengine huzaliwa nao kwa sababu ya kasoro ya maumbile. Hapana uasherati hapo.

Sasa tusikimbilie upande wa pili tukasema kwamba Kezilahabi alikosea. Kaswende ambayo mama humwambukiza mtoto tumboni inaweza kuleta maji kichwani, ingawa si chanzo cha kawaida. Mwandishi hakubuni jambo lisilowezekana. Kosa ni letu tunapochukua kisa cha familia mbili ndani ya riwaya na kukifanya kanuni ya ulimwengu.

Isitoshe, tujiulize ni nani anayetuambia kwamba hii ni adhabu. Riwaya imeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Kila tunachokijua kuhusu mtoto, kuhusu Manase na kuhusu mbingu iliyonyamaza kimepitia kichwani mwa Kazimoto, na Kazimoto ni mtu aliyefiwa, mwenye chuki ya siku nyingi, asiyeamini tena kwamba maisha yana mwelekeo. Anautazama ugonjwa na kuona hukumu. Mwalimu anayerudia hukumu hiyo ubaoni ameacha kuhakiki usimulizi na kuwa karani wa msimulizi. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ubora wa riwaya hii: kichwa kinachohitaji kuchunguzwa zaidi ni kile kinachosimulia.

Na Sabina? Yeye ndiye aliyebeba mimba na kuzaa, lakini usimulizi haumpi nafasi ya kutueleza kwa ndani anachokipitia. Katika jamii zetu mama ndiye hutazamwa kwanza mtoto anapozaliwa na ulemavu. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu udhaifu wa usimulizi wa nafsi ya kwanza, ukimya wa Sabina ni mfano mzuri kuliko mingi niliyowahi kusahihisha.

Kuhusu mwisho wa Kazimoto, nawasihi walimu wenzangu tuache lile jibu la "alikuwa mwoga." Halihakiki kitu. Kwa miaka mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama imebadilika, miongozo yetu bado inatoa hukumu ya zamani. Wakati huo huo simshauri mtahiniwa aandike kwamba Kazimoto alikuwa na ugonjwa fulani wa akili. Mhusika hana faili la hospitali. Aonyeshe matendo, kauli na mfuatano wa misiba, kisha aeleze jinsi mwandishi anavyoijenga hali ya kukata tamaa hatua kwa hatua. Alama ziko hapo.

Mwaka 2017 New England Journal of Medicine ilichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto 100 wa Uganda waliotibiwa kwa njia mbili. Wengine waliwekewa mrija unaopitisha maji chini ya ngozi hadi tumboni. Wengine walifunguliwa njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwenyewe, pasipo mrija. Baada ya miezi 12 makundi hayo mawili hayakutofautiana sana katika uwezo wa akili. Faida ya njia ya pili ni kwamba hakuna mrija wa kuziba siku ambayo mtoto yuko mbali na hospitali.

Nilimtafuta yule msichana muhula uliofuata, nikamwomba radhi. Akaniambia nduguye ameanza shule ya chekechea, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemaliza kuisoma riwaya yote peke yake. Alitaka kujua kwa nini Kazimoto hakuwahi kumpeleka yeyote kwa daktari wa vichwa. Nikamwambia aandike insha kuhusu swali hilo.