Marando ya Septemba

Mvua za vuli zikianza Buhongwa, jijini Mwanza, kwa kawaida mnamo Oktoba, kila mwenye kipande cha ardhi hutafuta mbegu ya viazi vitamu kwa wakati mmoja, na marando hayapatikani. Kiangazi kimeyakausha kwenye udongo huu wa kichanga, ulio mwembamba katikati ya mawe. Wengi husubiri viazi vilivyosahaulika ardhini vichipue kwa mvua, wakate mashina yake mwezi mmoja au zaidi baadaye. Mvua huyumba Januari na Februari, kwa hiyo shamba lililopandwa Desemba hukutana na jua kabla halijakomaa. Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya bustani mwezi huu wa Septemba ni kuotesha mbegu ya viazi, hata kabla ya kusia mchicha na nyanya.

Njia ya kufanya hivyo ilifanyiwa kazi jirani kabisa, na watafiti wa Ukiriguru, wilayani Misungwi, wakishirikiana na wenzao wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP). Wakati wa kuvuna huchaguliwa viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, kutoka kwenye mashina yenye afya. Hupangwa ndani ya beseni kwa tabaka, mchanga mkavu kati yake, visigusane, na beseni hukaa ndani kivulini. Mchanga wenye unyevu huvioza; hapa ndipo uzembe huadhibiwa haraka. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, viazi ambavyo tayari vimechipua hupandwa kwenye kitalu kwa nafasi ya nusu mita na kumwagiliwa kila baada ya siku chache. Kiazi kimoja huweza kutoa vipande vya kupanda vipatavyo 40. Viazi 40 basi hutoa vipande kama 1,600, na kwenye matuta ya mita moja, kipande hadi kipande sentimeta 30, hivyo hutosha mita za mraba 480. Kwa viwanja vya Buhongwa vinavyozidi kumegwa na nyumba, hilo si eneo dogo.

Atakayepinga atauliza maji yatoke wapi, ilhali hata ya kunywa hununuliwa kwa ndoo. Kitalu cha viazi 40 ni mita za mraba 10 tu, na maji ya kuoshea mboga au kusuuzia vyombo yanaweza kubeba sehemu ya mzigo huo. Mwingine atasema marando yanapatikana mabondeni karibu na ziwa. Ni kweli, ila kitalu cha huko kinachokaa kijani mwaka mzima pia hulisha inzi weupe na vidukari, wanaosambaza virusi vinavyodumaza mmea. Hoja nzito zaidi ni kwamba kiazi nacho chaweza kubeba virusi hivyohivyo. Mchanga hauvitibu. Kinga iko kwenye kuchagua viazi wakati wa mavuno, kabla majani hayajakauka na kuficha dalili, na kwenye kung'oa kitaluni kila chipukizi lenye majani yaliyojikunja au kupauka. Kwa aliyekwisha kupanda, kazi iliyobaki sasa ni ua wa miiba, maana mwezi huu mbuzi wa mtaa mzima hawana jani jingine bichi la kula.