Kiuno cha Jiko

Jiko la mkaa lenye kiuno, lile ambalo hukosi kuliona kwenye ploti za Kariobangi au Kayole, lilizaliwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mafundi wa bati wa Shauri Moyo ni miongoni mwa waliolipa umbo. Wazo la kutia kauri ndani lilitoka Thailand, ambako jiko ni ndoo iliyokandikwa udongo juu hadi chini. Hapa ndoo hiyo ilisumbua: nzito, na udongo wake ukipasuka. Ndipo likabanwa katikati. Koni mbili za bati zikakutanishwa. Ya juu ikabeba kauri, ya chini ikaachwa wazi kwa hewa na majivu. Uzito wa kauri unakalia kiuno, na tako pana halikubali kupinduka mtu anaposonga ugali. Kwangu mimi, jiji hili halijawahi kubuni kitu chenye akili kuliko kiuno hicho, na matatu nazijua.

Kamukunji, papa hapa Nairobi, fundi wa majiko haya hukaa chini na kipande cha reli ya zamani mbele yake. Hiyo ndiyo fuawe. Hashiki rula. Analaza kielelezo cha bati juu ya bati, anachora kwa msumari, anakata kwa tindo. Kisha anakunja pindo mbili zishikane na kuzigonga zilale, bila kuchomelea popote. Nyundo inakwenda polepole, karibu kwa uvivu, kwa sababu pigo moja la hasira hukunja bati pasipotakiwa. Kauri huja tayari imechomwa na mfinyanzi, ikiwa na matundu chini, nayo hupachikwa kwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti ili joto lisikimbilie kwenye bati. Jiko likitengenezwa vyema, hupunguza mkaa kwa karibu theluthi moja.

Halikufungiwa kwa hataza. Kila aliyetaka aliliiga, likaenea Uganda, Tanzania, hadi Ethiopia wanakoliita lakech. Uhuru huohuo umeleta pia majiko ya ovyo, yenye kauri mbichi iliyopakwa rangi ya kuvutia. Mnunuzi mzoefu haangalii rangi. Anaigonga kauri kwa ukucha: ikilia, anaanza kupatana bei, ikinyamaza, anahamia kibanda cha pili.