Simba Mgonjwa katika Kisa cha Punda wa Dobi

Kisa cha Punda wa Dobi, alichokipiga chapa Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, husomwa kwa kawaida kuwa ni habari ya upumbavu wa punda, aliyeponea chupuchupu kisha akarudi. Usomaji huo humsahau simba. Mara ya kwanza amrukia punda naye ugonjwa haujamtoka. Njaa imemhimiza kuliko nguvu zilivyomruhusu, akaambulia mateke. Kwa mnyama awindaye, jeraha ni zito kuliko njaa ya siku mbili, maana asiyeweza kurukia windo hapati kula. Ndipo akangoja siku nyingi hata nguvu zikamrudia, na msimulizi aonyesha subira hiyo kwa maneno machache, wala haisifu.

Walakini hadhari yake ina upofu. Kwato za punda amekwisha zipima. Meno ya sungura, mjumbe wake, hayakumpitia moyoni. Amwachia nyama aioke, akitaka kuwekewa moyo na masikio tu, navyo ndivyo viliwavyo. Katika Panchatantra simba aibiwa alipokwenda kuoga. Msimulizi wa Unguja amfanya apoteze kwa amri yake mwenyewe, na hapo amemzidi yule wa Bara Hindi.